Saa ya mezani kwenye kompyuta ya mkononi

Saa ya mezani ina kazi moja tu, kubaki macho. Mtu akiinua uso kutoka kwenye karatasi zake, au akigeuza kichwa juu ya mto saa nane za usiku, lazima aukute wakati pale pale, umeandikwa na unasomeka. Kompyuta ya mkononi imeundwa kwa nia iliyo kinyume. Inaishi kwa betri, na betri ndogo haiwezi kudumu wiki kadhaa ila mashine ilale muda wote ambao haina kazi. Programu ya saa ya mezani kwa kompyuta ya aina hii ilizaliwa ndani ya mvutano huo, na tangu miaka ya 1980 walioiandika wamekuwa wakiusuluhisha, mara kwa hila za hesabu, mara kwa waya wa umeme.

Moyo wa saa zote hizi ni mmoja. Mwaka 1927, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Warren Marrison na J. W. Horton walitengeneza saa ya kwanza iliyoongozwa na fuwele ya kwatzi, jiwe ambalo likipitishiwa umeme hutetema kwa mwendo usioyumba. Siku ya Krismasi ya 1969 Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi. Fuwele iliyokuja kuenea katika saa na kompyuta hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na namba hiyo haikuokotwa tu. Ni mbili kwa kipeo cha 15: ukiigawa kwa mbili, kisha tena kwa mbili, mara 15 mfululizo, unabaki na pigo moja kila sekunde. Kugawa kwa mbili ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kwa sakiti ya kielektroniki.

Fuwele na sakiti hiyo ya kugawa hula umeme kidogo mno, ndiyo maana saa ya mkono huenda miaka kwa betri moja yenye ukubwa wa kifungo cha shati. Kinachokula umeme ni kichakataji kuamka na kioo kuwaka. Kwa hiyo kompyuta ya mkononi hujua saa karibu bure, hata ikiwa imezimwa. Kuionyesha ndiko kunakoigharimu.

Tofauti hiyo ilionekana mapema katika vifaa vya Psion, kampuni ya London iliyoanzishwa na David Potter mwaka 1980. Mwaka 1984 Psion ilitoa Organiser, kifaa cha mfukoni chenye kichakataji cha biti 8 na kioo cha mstari mmoja wa herufi 16. Organiser II ilifuata mwaka 1986, safari hii ikiwa na mistari miwili, na katika orodha yake kuu lilikuwamo neno la kuonyesha tarehe na saa, sekunde zikienda mbele ya macho ya mtazamaji. Kifaa kikizimwa, sakiti ndogo iliendelea kuhesabu sekunde peke yake. Kwa kuwa uwezo wake wa kuhesabu ulikuwa na kikomo, kila baada ya nusu saa hivi mashine nzima ilijiamsha kwa kitambo kidogo, ikazihamishia sekunde zile kwenye saa ya mfumo, ikalala tena. Mwenye kifaa hakuona lolote.

Organiser II ilikuja pia na lugha yake ya kuandikia programu, OPL, na mtu yeyote mwenye kifaa aliweza kuitumia bila kununua kitu kingine. Aliyetaka saa ya kusomeka akiwa upande wa pili wa meza alikumbana mara moja na udogo wa kioo. Herufi moja ilikuwa na nukta tano kwa upana na nane kwa urefu. Mfumo uliruhusu mtumiaji achore herufi nane za kwake, basi. Tarakimu kubwa ilibidi ijengwe kwa vipande: kona, ukuta, paa, vipande vile vile vikipangwa upya, mara vitengeneze nane, mara sita. Ni kazi inayofanana na ya fundi wa mlango wa Unguja aliyepewa patasi moja.

Series 3 ya mwaka 1991 ilibadilisha mambo. Ilifunguka kama kibweta, ikasimama yenyewe juu ya meza, na kioo chake cha nukta 240 kwa 80 kilitosha kuchora uso wa saa wenye mishale. Programu ya saa ilikuwa miongoni mwa zile zilizokuja ndani ya kifaa, pamoja na kengele za kuamsha. Muhimu zaidi, mfumo endeshi wake uliweza kuendesha programu kadhaa kwa pamoja, hivyo saa haikulazimika kufungwa ili mtu aandike barua. Series 5 ya 1997 ilipanua kioo hadi nukta 640 kwa 240 na kuleta mfumo uitwao EPOC32, ambao uliwapa waandishi wa programu vipima muda vya aina mbili. Cha kwanza kilisema: niamshe baada ya muda fulani kupita. Kifaa kikizimwa katikati, muda huo haukuhesabiwa. Cha pili kilisema: niamshe saa fulani ikifika. Hiki kiliweza kuiwasha mashine iliyozimwa. Saa ya kuamsha iliyojengwa juu ya kile cha kwanza ingemwacha mtu amelala hadi adhuhuri. Juni 1998 kazi hiyo ya Psion ilihamia kampuni mpya ya Symbian, ambamo Nokia, Ericsson na Motorola waliingia, na busara ya vipima muda viwili ikaenda nayo hadi kwenye mamilioni ya simu.

Apple nayo ilitoa Newton MessagePad mwaka 1993. Kwa saa, Newton inakumbukwa zaidi kwa kosa lililongoja miaka 17 ndipo likajitokeza. Moja ya hesabu zake za wakati ilikuwa idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1993. Namba nzima katika lugha ya Newton ilikuwa na biti 30, moja ikiwa ya alama ya hasi au chanya, kwa hiyo kikomo chake kilikuwa 536,870,911. Namba kubwa kweli, lakini sekunde hazichoki. Jioni ya tarehe 5 Januari 2010 zilifika kikomoni na hesabu ikageuka kuwa hasi. Apple ilikuwa imeacha kutengeneza Newton tangu 1998, na walioandika programu za kuziba ufa ule walikuwa wapenzi wa kifaa waliokuwa bado wanakitumia.

Lakini mahali ambapo saa ya mezani ilipata kuwa fani ya watu wengi ni kwenye vifaa vya Palm. Jeff Hawkins, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alijulikana kwa kutembea na kipande cha mbao mfukoni miezi kadhaa kabla kifaa hakijakuwapo, akijifanya anaandika miadi juu yake, ili ajue mtu hutumia kitu kama hicho mara ngapi na kwa muda gani. Jibu alilolipata ndilo lililoiongoza Pilot ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1996: mtu hukitoa, hutazama, hukirudisha mfukoni. Ni sekunde chache tu. Kila kitu katika Palm kilipangwa kwa ajili ya sekunde hizo chache, na mtu anayetaka kifaa hicho kikae mezani kikionyesha saa kutwa nzima alikuwa anakiomba kiende kinyume na kusudi la kuumbwa kwake.

Pilot 1000 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, kioo cha nukta 160 kwa 160 kisicho na rangi, na betri mbili ndogo za aina ya AAA. Kichakataji chake, DragonBall cha Motorola, kilikuwa na jambo la kupendeza kwa mwandishi wa saa. Fuwele ile ile ya mitetemo 32,768 iliyotunza wakati ndiyo iliyokiendesha kichakataji chenyewe. Sakiti ilizidisha mitetemo yake mara 506, na hapo ndipo ilipotoka kasi ya megahezi 16.58. Fuwele moja ilikuwa imamu wa sala mbili.

Kifaa kilikuwa na hali tatu. Kilipokuwa na kazi, kilikuwa macho kabisa. Kilipokuwa kimewashwa lakini kinangoja mtu aguse kioo, kilisinzia: picha ilibaki, kichakataji kilisimama. Na kilipozimwa kililala, kikabakiza saa ya ndani na masikio ya kusikia vitufe. Mtumiaji asiposhika chochote kwa dakika moja, mbili au tatu, kufuatana na alivyochagua, kilijilaza chenyewe.

Mwandishi wa saa alifanya kazi kati ya kusinzia na kulala. Programu ya Palm haikuwa na haki ya kuzunguka ovyo ikitazama saa. Ilijengwa juu ya kitanzi kimoja: kuuliza mfumo kama kuna tukio, kulishughulikia, kuuliza tena. Wakati wa kuuliza, kwa amri iitwayo EvtGetEvent, programu ilitaja pia ni muda gani iko tayari kungoja, kwa kipimo cha tiki, tiki 100 zikiwa sekunde moja. Nyingi zilisema zitangoja milele. Saa haikuweza kusema hivyo. Iliyoonyesha sekunde iliomba kuamshwa kila sekunde, mara 3,600 kwa saa, na kila mara kichakataji kilitoka usingizini. Iliyoandikwa na mtu mwenye huruma na betri ilionyesha saa na dakika tu. Ikisoma kwamba zimebaki sekunde 23 dakika itimie, iliomba tiki 2,300 na kusinzia mpaka hapo. Kuamka mara 60 badala ya 3,600 kulitosha kubadilisha maisha ya betri mbili za AAA.

Tiki zilikuwa pia mtego wa wanagenzi. Zilihesabiwa kifaa kikiwa macho au kikisinzia, na kikilala zilisimama. Mtu aliyeandika saa yake kwa kujumlisha tiki aliiona ikienda sawasawa mezani siku nzima, kisha kesho yake akaikuta imechelewa kwa saa zile zile ambazo kifaa kilikuwa kimezimwa. Njia sahihi ilikuwa kuziacha tiki zimwamshe, halafu kuuliza wakati wenyewe kutoka kwenye saa ya kwatzi. Palm OS iliutoa wakati huo kama idadi ya sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1904, desturi iliyorithiwa kutoka kompyuta za Macintosh. Mwaka 1900 haukuwa mrefu, tofauti na 1904, hivyo anayeanzia 1904 anaweza kuhesabu kila mwaka wa nne kuwa mrefu bila kujiuliza mara mbili hadi mwaka 2100. Kwa biti 32 zisizo na alama ya hasi, sekunde hizo zitafika ukomo Februari 2040. Tarehe zilizohifadhiwa kwa mtindo mwingine wa Palm zina ajali iliyo karibu zaidi: ili tarehe nzima ienee katika biti 16, mwaka ulipewa biti saba, mwezi nne, siku tano. Biti saba ni miaka 128 tu, na ukianzia 1904 unakoma 2031.

Kisha kulikuwa na uchoraji. Herufi zilizomo ndani ya mfumo zilikuwa ndogo, za kusomwa kifaa kikiwa kiganjani. Saa ya mezani ilihitaji tarakimu za kusomeka kutoka umbali wa mkono mmoja na zaidi, kwa hiyo mwandishi alichora mwenyewe picha kumi, sifuri hadi tisa, na nukta mbili za katikati. Upana wote ni nukta 160: tarakimu nne za nukta 36 kila moja hula 144, na zinabaki 16 kwa nukta mbili na nafasi. Hakuna pa kupoteza hata nukta tano. Aliyefuta kioo chote kila dakika kabla ya kuchora upya aliiona saa yake ikipepesa, hivyo wajuzi walichora kwanza pembeni, katika kipande cha kumbukumbu kisichoonekana, kisha wakakinakili kiooni kwa mkupuo. Hapo napo palikuwa na bahili mwingine: katika vifaa vya mwanzo, sehemu ya kumbukumbu ambayo programu inayoendeshwa iliweza kuitumia kwa mambo ya muda ilikuwa kilobaiti 32 kwa jumla.

Saa ya mishale ilidai hesabu ya pembe, yaani sine na kosine, na Palm OS haikuwa nazo. Kichakataji hakikuwa na vifaa vya desimali. Suluhisho lilikuwa la kizamani, jedwali. Uso wa saa una nafasi 60, kila moja nyuzi sita kutoka kwa mwenzake. Robo ya duara ina thamani 16 tu, na robo tatu zilizobaki ni zile zile zikigeuzwa. Kila thamani ilizidishwa kwa 256 na kuandikwa kama namba nzima. Sine ya nyuzi 30, ambayo ni nusu, ikawa 128. Mshale wenye urefu wa nukta 70 ukielekea huko, programu ilizidisha 70 kwa 128 ikapata 8,960, ikagawa kwa 256 ikapata 35, na nukta ya ncha ikajulikana bila desimali hata moja. Mshale wa saa ulisogea nafasi moja kila dakika 12. Hesabu nzima ilimalizika kabla mtu hajapepesa jicho, na kichakataji kikarudi kusinzia.

Jedwali hilo hilo linaonyesha jinsi ambavyo saa ya Waswahili ingeweza kuingia kwenye mashine bila fujo, ingawa watengenezaji wa vifaa hivi hawakuifikiria. Anayesoma saa kwa Kiswahili hutazama upande wa pili wa mshale mfupi: ukielekea saba, husema saa moja. Kwenye jedwali la nafasi 60, hiyo ni kuongeza nafasi 30 kwa mshale wa saa na kuuacha wa dakika ulivyo. Saa moja kamili ya asubuhi, mshale uliokuwa nafasi ya 35 unahamia ya tano, na uso wa saa unasema kile ambacho mdomo unasema. Kosa ni kufanya marekebisho hayo mahali pengine, kwa kurudisha saa ya kifaa chenyewe nyuma kwa saa sita. Hapo tarakimu zitapendeza, lakini saa ya ndani itakuwa imedanganywa: miadi itaangukia siku isiyo yake, na kengele ya alfajiri italia saa sita baada ya wakati wake. Tofauti hiyo ni ya kuonyesha, na mahali pake ni kwenye mchoro.

Kengele ilikuwa na sheria zake. Palm OS iliruhusu kila programu iweke kengele moja tu kwa wakati mmoja. Programu iliyotaka kumpa mtumiaji kengele nne ilitunza orodha yake yenyewe, ikaandikisha kwa mfumo ile iliyo karibu zaidi, na ikilia, ikaandikisha inayofuata. Saa ya kengele ilipofika, saa ya kwatzi ilikiamsha kifaa kilicholala, mfumo ukaiita programu ya saa kwa hodi maalumu hata kama mtu alikuwa anatumia programu nyingine. Programu iliyoitwa hivyo ilikuwa mgeni wa mlangoni: haikuruhusiwa kugusa vitu vyake vya kawaida vya kumbukumbu, kwa kuwa kwa hakika haikuwa imefunguliwa. Ilitakiwa ifanye jambo fupi na iondoke, kisha iitwe mara ya pili kuonyesha ujumbe kiooni. Waandishi waliosahau sheria hiyo walitoa saa zilizofanya kazi vizuri zikiwa wazi na kukigandisha kifaa zikiwa zimefungwa, ambalo ni kosa baya kuliko kutolia kabisa, maana linaharibu na asubuhi ya mtu.

Zana za kuandikia nazo zilikuwa karibu na mikono ya watu wa kawaida. Mazingira rasmi yalikuwa CodeWarrior ya Metrowerks, iliyouzwa, lakini kompaila huria ya GCC ilirekebishwa itoe programu za Palm, na kilikuwapo kiigizi cha kifaa kinachoendeshwa ndani ya kompyuta ya mezani. Mwanafunzi asiye na Palm aliweza kuandika saa ya Palm. Matokeo yalikuwa faili moja dogo, lililoingizwa kifaani kwa kubonyeza kitufe cha kitako kilichokiunganisha kifaa na kompyuta. Saa zilifurika. Iliyopendwa kupita nyingi ilikuwa BigClock, iliyogawiwa bure, yenye tarakimu kubwa, kengele na vipima muda. Watu waliotumia Palm miaka ile huitaja kama wengine wanavyotaja redio ya nyumbani kwao.

Kilichozipa saa hizo maana ya kukaa mezani hasa kilikuwa Palm V ya mwaka 1999. Ilikuwa na betri ya lithiamu ya kuchaji, na kitako kilichoiunganisha na kompyuta ndicho kilichoichaji. Kifaa kikawa kinasimama wima kando ya kompyuta siku nzima, kimelishwa umeme, hakina sababu ya kulala. Mipangilio ilipewa chaguo la kukiacha wazi kikiwa kwenye kitako. Programu za saa zilizoandikwa kabla ya hapo zilikuwa na mbinu yao, ya kuiambia saa ya kujizima ianze kuhesabu upya kila mara kabla haijafika mwisho, sawa na mtu anayemgusa bega mlinzi asisinzie. Kwa betri za AAA mbinu hiyo ilikuwa uharibifu. Kwenye kitako ilikuwa halali.

Palm m100, kifaa cha bei nafuu cha Agosti 2000, ilitatua jambo kwa upande mwingine. Haikuwa ya kuchaji. Kifuniko chake kilikatwa dirisha dogo, na mtu akibonyeza kitufe cha juu, saa na tarehe vilijitokeza hapo dirishani kwa muda mfupi, kisha vikapotea. Wahandisi walikiri kwamba kifaa hakiwezi kukesha, wakakifundisha kuamka haraka kikiitwa. Miongoni mwa masuluhisho yote ya zama zile, hilo lilikuwa la akili kuliko mengine, na la bei rahisi.

Tatizo la mwisho la zama za Palm lilitoka bungeni. Matoleo ya mwanzo ya Palm OS yalijua saa ya mahali alipo mtumiaji na si zaidi. Hayakujua kanda za saa, wala desturi ya nchi za kaskazini ya kusogeza saa mbele majira ya joto. Programu za saa za dunia zilibeba majedwali yao, na majedwali hayo huzeeka. Marekani ilipoamua kwa sheria ya mwaka 2005 kwamba kuanzia 2007 saa zisogezwe mapema, Jumapili ya pili ya Machi, vifaa vilivyokuwa tayari mifukoni vilibaki na kanuni ya zamani hadi vipewe masahihisho. Kompyuta nyingi leo husoma kanda kutoka hifadhidata moja ya pamoja, iliyoanzishwa miaka ya 1980 na Arthur David Olson na kusimamiwa na shirika la IANA tangu 2011. Afrika Mashariki inaisumbua kidogo, kwa kuwa haisogezi saa: Dar es Salaam na Kampala zimewekwa kama majina mengine ya Nairobi, saa tatu mbele ya Greenwich, maana tangu 1970 hazijawahi kutofautiana. Hata hivyo hifadhidata inakumbuka kwamba zama za ukoloni Kenya iliwahi kutumia saa mbili na dakika 45. Nepal hadi leo iko mbele kwa saa tano na dakika 45, na mwandishi aliyedhani kila kanda ni saa kamili alirudishwa shuleni na watu wa Kathmandu.

Simu zilipovimeza vifaa hivi, saa ya mezani ilihamia nazo. Palm yenyewe ilitoa simu ya Pre mwaka 2009 pamoja na Touchstone, kitako cha kuchaji bila waya, na webOS 2.0 ya mwaka uliofuata ikaongeza hali maalumu: simu ikiwekwa kwenye kitako hicho ilijigeuza kuwa saa au fremu ya picha. HP iliinunua Palm mwaka huo wa 2010, na vifaa vya webOS vikaachwa mwaka 2011.

Android ilitumia jina lenyewe. Programu yake ya saa inaitwa DeskClock hadi leo ndani ya msimbo, ingawa mtumiaji huona neno la saa tu. Ilikuja enzi za Nexus One, Januari 2010, simu iliyokuwa na kitako chake cha mezani. Kioo cha simu hiyo kilikuwa cha OLED, na hapo lilizuka tatizo ambalo Palm haikulijua: nukta zikiwaka mahali pamoja usiku kucha huchakaa na kuacha kivuli. Tarakimu za saa ni mfano mbaya kuliko yote, hasa nukta mbili za katikati zisizobadilika kamwe. DeskClock ikafifisha kioo usiku na kuihamisha saa mahali pake kila baada ya muda, hivyo anayeamka usiku huikuta imetangatanga kona nyingine.

Mvutano wa kukesha na kulala ulirudi pia. Toleo la Android la 2013 lilianza kuzikusanya kengele za programu na kuziliza kwa pamoja ili kichakataji kiamke mara chache, na wanaoandika saa wakalazimika kuomba waziwazi kengele ya wakati kamili. Mwaka 2014 walipewa amri yao maalumu kwa ajili ya kengele ya kuamsha mtu. Mwaka 2015, Android 6.0 ilileta usingizi mzito wa simu iliyoachwa mezani bila kuguswa, ikiuita kwa neno lile lile la kusinzia lililotumika kwa vifaa vya Palm, na kengele ya kuamsha ikawa miongoni mwa vichache vilivyoruhusiwa kuukatiza.

Kwa Apple, iPad ilikaa zaidi ya miaka miwili bila programu ya saa. Ilipoipata Septemba 2012, uso wake ulifanana mno na wa saa za stesheni za reli za Uswisi, uliobuniwa na Hans Hilfiker mwaka 1944. Shirika la reli lililalamika, na Oktoba pande mbili zikakubaliana leseni. Magazeti ya Uswisi yaliandika kwamba ilikuwa ya faranga milioni 20. Mshale mwekundu wa sekunde wa saa zile za stesheni humaliza mzunguko kwa sekunde 58 na nusu hivi, kisha husimama juu ukingoja ishara kutoka saa kuu ndipo dakika igeuke. Mwaka 2013 Apple iliuacha uso huo.

Miaka kumi baadaye, Septemba 2023, iPhone ilipewa hali iitwayo StandBy. Simu ikichajiwa ikiwa imelazwa kwa ubavu, inakuwa saa ya mezani yenye tarakimu kubwa, na chumba kikiwa giza tarakimu hugeuka nyekundu zisiumize jicho. Aina zenye kioo kinachoweza kupunguza kasi ya kuchora picha hadi mara moja kwa sekunde hubaki zimewaka usiku kucha. Nyingine huzima baada ya muda na kungoja mtu aguse kioo au atikise meza.